Ufunguo wa kwanta umefika Afrika, lakini nani amebaki na nakala?

PIN yako ya simu uliitoa wapi?

Usiniambie ni ipi. Niambie tu ilitoka wapi. Kwa wengi wetu ni mwaka wa kuzaliwa, au 1234, au nambari nne za mwisho za kitambulisho. Mtu anayekujua kidogo hahitaji kuwa mdukuzi. Anahitaji kukisia mara mbili tatu, basi, pesa zimeenda.

Ukielewa hilo, umeelewa nusu ya stori ninayotaka kukupa leo. Usalama wote wa dijitali, kuanzia meseji zako hadi mitambo ya benki, unaning'inia kwenye ufunguo wa siri. Na kila ufunguo una maswali matatu. Ulizaliwa wapi? Ulipita njia gani kumfikia mwenzako? Na nani amebaki na nakala?

Mbona tunaongea haya sasa? Kwa sababu mnamo Machi 2025 wanasayansi wa China, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walichapisha kwenye jarida la Nature jambo ambalo huku kwetu lilipita kimya. Walitumia setilaiti ndogo inayoitwa Jinan-1, iliyorushwa 2022, kutengeneza ufunguo wa siri wa pamoja kati ya Beijing na Stellenbosch. Umbali: kilomita 12,900. Ufunguo wenyewe ulitengenezwa kwa chembe za mwanga, kwa sheria za fizikia ya kwanta.

Habari kama hii ikitoka, vichwa huandikwa kwa lugha moja: "mawasiliano yasiyoweza kudukuliwa". Mimi niliacha chuo kabla ya kufika kwa hesabu ngumu, lakini neno "haiwezekani" likitoka kwa mtu anayeuza mtambo, masikio yangu husimama. Twende polepole tuone ni nini haiwezekani, na ni nini inawezekana kabisa.

Ufunguo mbovu huzaliwa mbovu

Tuanze na swali la kwanza, la kuzaliwa. Ufunguo mzuri ni mlolongo wa sifuri na moja ambao hakuna mtu anaweza kuukisia. Shida ni kwamba kompyuta haijui kubahatisha. Ni mashine ya kufuata maagizo. Ukiiambia "nipe nambari yoyote", inatafuta mahali pa kuanzia, inapiga hesabu, inakupa kitu kinachofanana na bahati nasibu. Mtu akijua ilipoanzia, amejua ilipoishia.

Haya si maneno ya darasani. Mwaka wa 2006 mtu mmoja aliyekuwa akisafisha programu ya usalama katika mfumo wa Debian, unaoendesha seva nyingi duniani, aliondoa mstari uliokuwa ukichanganya nambari hizo. Hakuwa na nia mbaya. Kuanzia hapo, mashine zilizotumia toleo hilo zikawa zinatoa funguo kutoka kapu la funguo 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa. Kwa binadamu hizo ni nyingi. Kwa kompyuta ni kazi ya muda mfupi kuzijaribu zote. Kosa liligunduliwa Mei 2008. Karibu miaka miwili milango ilionekana imefungwa na kufuli zilikuwa za maonyesho.

Hapa ndipo kwanta inaingia kwa mara ya kwanza, na hapa haina mpinzani wa karibu. Chembe moja ya mwanga, fotoni, ikifika kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, haiambii mtu yeyote itapita au itarudi. Sikumaanisha kwamba ni vigumu kujua. Kwa jinsi fizikia inavyoelewa ulimwengu leo, jibu halipo popote hadi itokee. Ikipita andika 0, ikirudi andika 1. Umepata bahati nasibu ya kweli. Teknolojia hii imeshaingia mfukoni: mwaka wa 2020 Samsung na kampuni ya SK Telecom huko Korea Kusini walitoa simu yenye kijisahani cha aina hiyo ndani.

Kwa hivyo swali la kuzaliwa tunaweza kulijibu. Twende kwa njia.

Kwa nini watu wana wasiwasi

Leo ukifungua programu ya benki, simu yako na seva hukubaliana ufunguo kupitia fumbo la hesabu. Mojawapo ya mafumbo hayo, RSA, linategemea ukweli kwamba kuzidisha nambari mbili kubwa ni rahisi, lakini kupewa jibu na kuambiwa utafute nambari hizo mbili ni balaa.

Mwaka wa 1994 Peter Shor, mwanahesabu Mmarekani, alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikijengwa kubwa ya kutosha, italifumbua fumbo hilo. Wakati huo ilikuwa "ikijengwa". Mwaka wa 2019 watafiti wawili, Craig Gidney na Martin Ekerå, walikadiria kwamba kuvunja ufunguo wa RSA wa biti 2,048 kungehitaji mashine yenye biti za kwanta milioni 20, kwa saa nane. Mei 2025 Gidney, wa Google, akarudi na hesabu mpya: chini ya milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Mashine hiyo bado haipo. Kifaa cha IBM kinachoitwa Condor, kilichotangazwa 2023, kilikuwa na 1,121. Lakini unaona jinsi mstari wa mwisho unavyosogezwa karibu bila hata mashine kukua.

Sasa, ungesema: si ningoje mpaka ijengwe? Hapana, na hii ndiyo sehemu inayokuhusu wewe binafsi. Mtu mwenye uwezo anaweza kunakili data iliyofungwa leo, akaiweka kwenye ghala, akangoja. Siku mashine ikipatikana, anafungua kila kitu. Ni kama mwizi aliyebeba sefu nzima kwake nyumbani, hana haraka.

Meseji yako ya "uko wapi" haitamsaidia mtu baada ya miaka kumi na tano. Lakini kuna vitu vyako ambavyo havizeeki. Unakumbuka Agosti 2023, foleni za KICC, vijana wakipigwa picha ya mboni ya jicho na mradi wa Worldcoin kwa tokeni zilizokuwa na thamani ya takriban Sh7,000? Serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo za kibayometriki zifutwe. PIN unaweza kubadilisha. Jicho utalibadilisha na la nani? Alama za vidole, rekodi zako za hospitali, hali yako ya HIV, hizo zitakuwa zako hata 2050. Kufuli inayozilinda lazima iweze kudumu kama wewe utakavyodumu.

Amina, Brayo na miwani miwili

Wazo la kutengeneza ufunguo kwa fotoni lilitolewa 1984 na Charles Bennett wa IBM na Gilles Brassard wa Chuo Kikuu cha Montreal, Canada. Linaitwa BB84, kwa herufi za majina yao na mwaka. Nitakueleza kama ningemweleza jirani, halafu uamue kama ni uchawi.

Amina yuko Kilimani, Brayo yuko Thika. Wanataka ufunguo mmoja ambao hakuna mwingine anao. Fotoni hutetemeka ikisafiri, na mtetemo huo una upande. Amina ana njia mbili za kuandika. Ya kwanza tuite msalaba: mtetemo wa wima ni 0, wa kulala ni 1. Ya pili tuite mkasi: mshazari wa kulia ni 0, wa kushoto ni 1. Kwa kila fotoni anachagua kwa bahati nasibu kama atatumia msalaba au mkasi, na kama ataandika 0 au 1. Halafu anaituma kwa Brayo kupitia faiba.

Brayo hajui Amina alichagua nini. Ana miwani miwili, ya msalaba na ya mkasi, naye anachagua kwa bahati nasibu. Akivaa miwani iliyo sawa, anasoma jibu sahihi. Akikosea, fotoni inampa jibu lolote, nusu kwa nusu, na kibaya zaidi, ule ujumbe wa mwanzo unafutika kabisa. Hauwezi kusomwa tena.

Wakimaliza, wanapigiana simu ya kawaida, hata mtu akisikiliza si shida. Brayo anasema, "Ya kwanza nilivaa msalaba, ya pili mkasi, ya tatu mkasi..." Amina anajibu, "Ya kwanza sawa, ya pili umekosa, ya tatu sawa." Hakuna anayetaja 0 wala 1. Zilizokosewa wanazitupa. Wakianza na fotoni 1,000 zilizofika, watabaki na kama 500 ambazo wote wawili wanajua jibu lake. Hizo ndizo ufunguo mbichi.

Sasa mlete msikilizaji wa njiani. Yeye pia lazima akisie miwani. Nusu ya wakati atakosea, na akikosea ameshaharibu fotoni. Inabidi amtumie Brayo nyingine ya kubandika. Hawezi kutoa nakala kisha aiache ya kwanza iendelee, kwa sababu mnamo 1982 wanafizikia walithibitisha kwamba hali ya kwanta usiyoijua haiwezi kunakiliwa. Piga hesabu: akisikiliza kila fotoni, robo moja ya majibu ya Brayo, asilimia 25, yatatofautiana na ya Amina hata pale walipovaa miwani sawa.

Kwa hivyo Amina na Brayo wanachukua, tuseme, 100 kati ya zile 500, wanazisoma hadharani na kuzilinganisha, kisha wanazitupa. Makosa yakipita kiwango fulani, kwa BB84 ni karibu asilimia 11, wanafuta kila kitu na kuanza upya. Yakiwa machache, wanasahihisha yaliyobaki, halafu wanaukamua ufunguo: wanauchanganya kwa hesabu na kuufupisha, ili hata kama kuna mtu alibahatika kujua biti chache, anabaki hajui chochote cha maana.

Ona kilichofanyika hapo. Hakuna aliyemzuia mwizi kugusa waya. Kilichowezekana ni kujua kwamba ameugusa, kabla ya siri yoyote kutumwa. Kufuli ya hesabu haiwezi kukuambia hivyo. Hiyo ndiyo nguvu ya kweli ya kwanta, na tusiidharau.

Mtito Andei iko wapi katika hesabu hii?

Sasa tuondoke Thika twende mbali kidogo. Tuseme unataka ufunguo wa kwanta kati ya Nairobi na Mombasa, zinapofikia nyaya za intaneti kutoka baharini.

Faiba nzuri hupoteza mwanga kidogo kidogo. Baada ya kilomita 100, fotoni moja tu kati ya 100 hufika. Baada ya 200, moja kati ya 10,000. Ukinyoosha waya kilomita 480 hadi Mombasa, utapata moja kati ya bilioni nne hivi. Kwa hivyo hata Amina akirusha fotoni bilioni moja kila sekunde, Brayo wa Mombasa atapokea moja kila baada ya sekunde nne. Kwa intaneti ya kawaida hii si tatizo, unaweka mtambo wa kuongeza nguvu ya mwanga njiani. Lakini kuongeza nguvu ni kunakili, na kunakili ndiko tumesema hakuwezekani. Ulinzi uleule unaomzuia mwizi unakuzuia na wewe.

Wapo waliojitahidi. Mwaka wa 2023 watafiti wa China walifikisha kilomita 1,002 za faiba kwa mbinu ya kisasa zaidi. Kasi ikawa biti 0.0034 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, ufunguo mmoja wa biti 256 unachukua takriban saa 21. Buda, hata basi la usiku litakuwa limefika, limerudi.

Suluhisho linalotumika kweli ni vituo vya kati. Reli ya kwanta ya Beijing hadi Shanghai, iliyozinduliwa 2017, ina urefu wa kilomita 2,000 na vituo 32. Katika kila kituo, ufunguo unafunguliwa, unasomwa, halafu unafungwa upya kuelekea kituo kinachofuata. Maana yake ni kwamba ndani ya kila kituo, siri iko uchi. Wataalamu wanaviita vituo vya kuaminiwa, jina la heshima kwa jambo la kuogofya kidogo. Vingeitwa vituo usivyokuwa na budi kuviamini.

Kwetu ungejenga kimoja Emali, kingine Mtito Andei, kingine Voi, na vingine kati yavyo. Halafu usalama wa siri za nchi ungelala mikononi mwa yule soja wa usiku pale Mtito Andei, mshahara wake umechelewa miezi miwili, na mtu amekuja na bahasha. Fizikia ya waya ni safi kabisa. Mlango wa kibanda ndio tatizo.

Setilaiti nayo ni kibanda, ila kiko juu

Hapo ndipo setilaiti inapoleta raha. Sehemu kubwa ya safari yake ni anga tupu, hakuna kioo cha kula fotoni. China ilirusha ya kwanza, Micius, Agosti 2016. Septemba 2017 ilitumika kulinda mazungumzo ya video kati ya Beijing na Vienna, Austria. Jinan-1, iliyofika Stellenbosch, ni ndogo zaidi na ya bei nafuu zaidi, na ilionyesha kwamba kwa kupita mara moja tu juu ya kituo cha ardhini inaweza kutoa ufunguo wa biti zaidi ya milioni moja. Kwa kazi ya uhandisi, napiga saluti.

Lakini angalia inavyofanya kazi. Setilaiti inapita juu ya Beijing, inatengeneza nao ufunguo wa kwanza. Inazunguka, inapita juu ya Stellenbosch, inatengeneza ufunguo wa pili. Halafu inatangaza tofauti kati ya funguo hizo mbili, na kila upande unaitumia kupata ufunguo wa pamoja. Msikilizaji wa nje haambulii kitu. Sawa kabisa. Ila kuna mmoja anayejua funguo zote mbili: setilaiti yenyewe. Na setilaiti ina mwenyewe.

Simaanishi kwamba China inasikiliza mtu. Katika jaribio hili Beijing ilikuwa upande mmoja wa mazungumzo, kwa hivyo hakukuwa na siri ya kuiba. Lakini kesho ikiwa ni Nairobi na Kampala, au Nairobi na Mombasa, kupitia setilaiti ya Mchina, Mwamerika au Mzungu, swali la tatu linarudi palepale: nani amebaki na nakala?

Na kuna njia ya kulikwepa. Mwaka wa 1991 Artur Ekert alipendekeza kutumia fotoni pacha, zilizofungamana, moja ikienda kwa Amina na nyingine kwa Brayo. Wakilinganisha majibu yao, wanaweza kujua kama aliyewatumia mapacha hao ni mwaminifu, hata kama ni adui yao. Micius ilifanya hivyo mnamo 2020 kati ya vituo viwili vya China vilivyo kilomita 1,120 mbali. Setilaiti haikuujua ufunguo. Kasi: biti 0.12 kwa sekunde, yaani zaidi ya nusu saa kwa ufunguo mmoja wa biti 256. Kwa hivyo usipotaka kumwamini mtu, inawezekana, ila utalipa kwa muda na kwa pesa. Mwenye kukuuzia mtambo wa haraka na wa bei rahisi, muulize ni nani anakuomba umwamini.

Geneva 2007, Nairobi 2007

Tarehe 21 Oktoba 2007 jimbo la Geneva, Uswisi, lilitumia ufunguo wa kwanta kulinda matokeo ya uchaguzi yakisafiri kutoka kituo cha kuhesabia kura hadi kituo cha data cha serikali. Teknolojia hiyohiyo ilikuja Afrika 2010, ikalinda mawasiliano ya uwanja wa Moses Mabhida, Durban, wakati wa Kombe la Dunia.

Miezi miwili baada ya Geneva, tarehe 27 Desemba 2007, Kenya ikapiga kura. Unajua kilichofuata, kama hukuwa umekua, waulize nyumbani. Zaidi ya watu 1,000 walikufa. Tume ya Jaji Johann Kriegler iliyochunguza ilikuta uozo tangu vituoni hadi kwenye ujumlishaji, kiasi kwamba haingewezekana kujua kwa uhakika nani alishinda.

Sasa fikiria tungekuwa na waya wa kwanta kama wa Geneva usiku ule. Ungesafirisha nambari zilezile, kwa usalama wa hali ya juu, bila hata biti moja kuguswa njiani. Uongo ungefika salama salimini.

Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na moja ya mambo yaliyoiudhi ni tume ya uchaguzi kukosa kufungua mitambo yake ikaguliwe kama ilivyoamriwa. Ndipo mitaa ikajaa kilio cha "fungua server". Mwaka wa 2022 tume ikaweka fomu za 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti, kila mtu na bando lake ajumlishe. Watu walibishana bado, lakini walibishana wakiwa na karatasi mkononi. Kilichosaidia hapo ni uwazi, na uwazi ni kinyume cha ufunguo wa siri. Kuelekea Agosti 2027, mtu akikuambia uchaguzi utakuwa salama kwa sababu mitambo ina teknolojia ya kwanta au ya nini sijui, kumbuka kwamba ufunguo unalinda barabara. Hauwakagui abiria.

Kuna shimo jingine. Kwanta haikuambii unaongea na nani. Amina na Brayo walipopigiana simu, walijuaje ni wao? Lazima wawe na njia ya kutambuana tangu mwanzo. Wale wanaokupigia wakijifanya huduma kwa wateja hawavunji ufunguo wowote. Wanakuongelesha vizuri tu, wewe mwenyewe unafungua.

Na vifaa ni vifaa. Mwaka wa 2010 watafiti wa Trondheim, Norway, walionyesha kwamba ukimulika vipimio vya fotoni vya mitambo iliyokuwa sokoni kwa mwanga mkali, unavipofusha na kuviendesha utakavyo, na mwenye mtambo haoni kosa lolote. Fizikia haikuvunjwa. Sanduku ndilo lililovunjwa. Baadaye mitambo ilirekebishwa na mbinu za kukwepa tatizo hilo zikabuniwa, lakini funzo lilibaki.

Njia ya pili, ambayo labda unayo tayari

Kwa sababu hizi, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA, halipendekezi funguo za kwanta kwa mifumo ya usalama wa taifa. Uingereza inasema hivyo pia. Mnamo Januari 2024 mashirika ya usalama wa mitandao ya Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Sweden yalisema kwamba kwa sasa teknolojia hii inafaa kazi chache tu. Wanataka tuanze na hesabu mpya: mafumbo ambayo hata kompyuta ya kwanta haijulikani jinsi ya kuyafumbua. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza.

Hii haihitaji setilaiti wala kibanda Voi. Ni sasisho la programu. Signal ilianza kutumia mbinu ya aina hii Septemba 2023, iMessage ya Apple ikafuata Machi 2024. Huenda unayo mfukoni ukisoma haya na hukujua.

Je, hesabu ni salama milele? Hapana. Mwaka wa 2022 fumbo moja lililoitwa SIKE, lililokuwa bado likishindaniwa kuingia kwenye viwango hivyo, lilivunjwa kwa kompyuta ya kawaida kwa muda wa saa moja hivi. Ndiyo maana China na Ulaya bado zinawekeza kwa kwanta: hesabu ikianguka, kuwe na ukuta wa pili. Ni akili nzuri ukiwa na pesa za kujenga kuta mbili. Kwa nchi inayokopa, ukuta wa kwanza kwanza.

Wewe uulize nini

Kwanza, weka sasisho za simu yako. Ile arifa unayoiahirisha kila usiku ndiyo inayoleta kufuli mpya.

Pili, benki yako, hospitali yako na serikali yako wana data zako zitakazoishi kuliko kompyuta wanazozitunzia. Uingereza imewapa mashirika yake hadi 2035 kumaliza kuhamia kwenye kufuli mpya, na hatua za 2028 na 2031 njiani. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka kila anayeshika data zako azilinde. Basi uliza: mpango wenu ni wa mwaka gani? Wabunge wanaopitisha bajeti ya mitambo waulizwe hivyo pia.

Tatu, Afrika haiko nyuma sana kama tunavyoambiwa. Azimio la Umoja wa Mataifa lililoufanya 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi ya Kwanta liliwasilishwa na Ghana. Stellenbosch wana kituo kinachofanya kazi. Siku Kenya itakapoletewa mkataba wa kujenga chake, na siku hiyo itafika, usikubali kupofushwa na mwanga wa maneno. Soma mkataba na uulize maswali matatu yaleyale. Ufunguo unazaliwa wapi? Unapita wapi? Na yule anayetuuzia kufuli, amebaki na nakala?

Mawili ya kwanza fizikia inaweza kukusaidia kuyajibu. La tatu ni letu.